Mchungwa wa Wafalme, na Watu Wasio na Majina Waliouhamisha Kila Mwaka

Kila mwaka ifikapo katikati ya Oktoba, pale kwenye kasri la Versailles nje kidogo ya jiji la Paris, hufanyika kazi moja ambayo watalii wengi hawaijui. Miti zaidi ya elfu moja iliyopandwa kwenye makasha ya mbao inahamishwa. Inatolewa uwanjani, inaingizwa kwenye ukumbi mkubwa wa mawe, na inakaa humo hadi katikati ya Mei. Kuna michungwa, milimau, mikomamanga, hata mitende. Baadhi ya michungwa hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 200.

Hebu piga hesabu kidogo. Mti wa miaka 200 umeshapitishwa mlango wa hifadhi yake ya baridi, kuingia na kutoka kwa jumla, mara 400. Na mti hautembei. Kila mara kuna mtu aliyeusukuma, aliyeuvuta, aliyeshika matawi yasivunjike mlangoni.

Majina ya wafalme waliomiliki miti hiyo yapo kwenye kila kitabu. Majina ya wasanifu waliojenga ukumbi yapo pia. Ila ukiuliza ni nani aliyeamka alfajiri ya baridi kali kwenda kuangalia kama maji yameganda, nani aliyefuta majani moja moja kwa kitambaa, hapo vitabu vinanyamaza. Na kumbe bila watu hao, hakuna mfalme hata mmoja ambaye angekula chungwa lililoivia kwake.

Zawadi ya mgeni Mombasa, johari huko Ulaya

Ili mdau uelewe ukubwa wa jambo lenyewe, anzia nyumbani. Tarehe 7 Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa. Daftari la safari ile, lililoandikwa na mtu ambaye hakuweka jina lake, linaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea wageni kondoo, pamoja na machungwa, malimau na miwa. Basi, ustaarabu wa kawaida wa Pwani: mgeni kaja, mpe tunda.

Mwaka uliofuata, Januari 1499, meli zile zilirudi kutoka India zikiwa hoi. Mabaharia wengi walishakufa kwa kiseyeye na waliobaki walikuwa wagonjwa. Walipofika Malindi, mmoja wa vitu vya kwanza kutafutwa nchi kavu ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Yaani kitu ambacho kwa watu wa Malindi kilikuwa cha kawaida sokoni, kwa wale mabaharia kilikuwa dawa ya kufa na kupona.

Jamii ya michungwa na milimau asili yake ni Asia, kuanzia kaskazini mashariki mwa India hadi kusini mwa China. Waarabu ndio walioipeleka hadi Sicily na Hispania karne nyingi kabla ya Wareno. Iliyotangulia kufika huko ilikuwa midanzi, ile yenye tunda chachu na kali. Chungwa tamu lilikuja baadaye, na wafanyabiashara wa Kireno walilivumisha kiasi kwamba mpaka leo Mwarabu analiita burtuqal, jina linalotokana na Ureno yenyewe.

Pembezoni mwa bahari ya Mediterania miti hii ilikubali. Tatizo lilianza pale wakubwa wa nchi za kaskazini walipoionja, wakanusa maua yake, wakasema: na sisi tunaitaka.

Mti usiojua kulala

Mti wa tufaha ukiona baridi inakuja hudondosha majani, unalala, unasubiri. Umezoea. Mchungwa haujui hayo. Unabaki na majani yake ya kijani mwaka mzima, na maji yamo ndani ya majani hayo na matawi machanga. Baridi ikishuka chini ya sifuri, maji yale yanaganda na mti unaungua kana kwamba umepitiwa na moto. Mdanzi unavumilia kiasi, nyuzijoto chache chini ya sifuri. Mlimau unavumilia kidogo zaidi ya mndimu. Mndimu ndio dhaifu kuliko yote, barafu kidogo tu na habari yake imekwisha.

Sasa ukiweka mti huo kwenye chungu, umeutatua mzigo mmoja na kuuongezea mwingine. Faida ni kwamba unaweza kuuhamisha. Hasara ni kwamba mizizi iliyo ardhini inalindwa na ardhi yenyewe, ambayo haipoi haraka, lakini mizizi iliyo kwenye chungu imezungukwa na hewa pande zote. Usiku mmoja tu wa barafu unaweza kuigandisha hadi katikati.

Kwa hiyo aliyetaka mchungwa kule kaskazini alikuwa hanunui mti tu. Alikuwa ananunua kazi ya kila mwaka, maisha yake yote, na baada yake wanawe waendelee.

Mbegu za mwaka 1421

Kuna mti mmoja ambao habari zake zilisimuliwa Ufaransa kwa karne nyingi. Waliuita kwa majina mengi, mojawapo ni Grand Bourbon. Inavyosimuliwa, mwaka 1421 huko Pamplona, katika ufalme mdogo wa Navarre, malkia alikula danzi na mbegu zake zikapandwa kwenye chungu. Wengine husema aliyezipanda ni malkia mwenyewe. Wengine husema ni mtunza bustani wake, na huyo, kama kawaida, hana jina.

Miti ile ikakua pamoja kwenye chombo kimoja. Ikapita mikono hadi ikafika kwa familia ya Bourbon, kwenye ngome yao ya Chantelle katikati ya Ufaransa. Mwaka 1523 mkuu wa familia hiyo, ambaye alikuwa mkuu wa majeshi ya mfalme, alimgeuka bwana wake na kuhamia upande wa adui. Mfalme Francis I akataifisha kila kitu: mashamba, majumba, samani. Na mchungwa ukiwemo. Ukapelekwa kwenye kasri la Fontainebleau. Miaka zaidi ya 150 baadaye ukahamishwa tena, safari hii kwenda Versailles kwa Louis XIV.

Tafakari safari hizo. Hakuna lami, hakuna lori. Ni mkokoteni, farasi, njia za mashimo, na mti ambao ukitikiswa vibaya mizizi inakatika, ukipitishwa juani sana majani yanakauka, ukichelewa njiani hadi msimu wa baridi ndio basi. Kwenye nyaraka kuna jina la aliyenyang'anywa na jina la aliyenyang'anya. Waliotembea pembeni ya mkokoteni wakiumwagilia hawamo.

Uhamishe nyumba au uhamishe mti?

Mwaka 1495 mfalme Charles VIII wa Ufaransa alirudi kutoka vitani Napoli. Vita vyenyewe havikumpa mengi, lakini alirudi na mafundi wa Kiitaliano, akiwemo mtunza bustani Pacello da Mercogliano, mmoja wa wachache katika kazi hii ambao jina lao lilibaki. Huyu ndiye anayetajwa kuwa alifundisha kulea michungwa ndani ya makasha pale Amboise.

Lakini si wote waliokubali mambo ya makasha. Uingereza, pale Beddington karibu na London, tajiri mmoja wa karne ya 16 alipanda michungwa yake ardhini moja kwa moja. Kila majira ya baridi watu wake waliijengea kibanda cha mbao juu yake, na kila majira ya joto wakakibomoa. Heidelberg huko Ujerumani walifanya hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: kibanda cha mbao kilichojengwa kila mwaka kuzunguka miti, chenye majiko ndani, halafu ikifika Pasaka kinavunjwa.

Unaona mantiki yake? Mmoja anahamisha mti kuufuata nyumba, mwingine anahamisha nyumba kuufuata mti. Njia zote mbili zinahitaji mikono mingi na mtu mwenye jicho la kujua lini. Ukichelewa kujenga kwa usiku mmoja, umepoteza kazi ya miaka 30. Michungwa ya Beddington ilidumu zaidi ya karne moja kwa mtindo huo, halafu ikaja baridi kubwa ya mwaka 1739 kuingia 1740, ikaimaliza. Kibanda cha mbao kina mwisho wake.

Huko Italia kaskazini, kandokando ya ziwa Garda, wakulima wa malimau walijenga nguzo ndefu za mawe mlimani na kuzifunika kwa mbao na vioo kila ilipokaribia baridi. Usiku wa hatari waliweka bakuli la maji karibu na miti. Mtu anakaa macho. Akiona maji yanaanza kufanya utando wa barafu, anawasha moto. Hakuna kipimajoto, hakuna taarifa ya hali ya hewa. Kuna bakuli na mtu asiyelala. Hawa hawakuwa wafalme, walikuwa wanauza malimau ili wale, kwa hiyo kusinzia kulikuwa na gharama yake.

Jeuri ya fedha: Versailles

Agosti 1661 waziri wa fedha wa Ufaransa, Nicolas Fouquet, alimfanyia mfalme kijana Louis XIV sherehe kubwa kwenye kasri lake jipya la Vaux-le-Vicomte. Sherehe ilipendeza kupita kiasi, na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Wiki tatu baadaye Fouquet alikamatwa, akaishia gerezani hadi kufa. Mali zake zikaanza kuondoka moja moja, na michungwa yake ikachukuliwa kwenda Versailles. Somo lenyewe: usimzidi mkubwa kwa kanzu.

Mwaka 1663 msanifu Louis Le Vau alijenga nyumba ya kwanza ya michungwa pale Versailles. Haikutosha. Kati ya 1684 na 1686 Jules Hardouin-Mansart akajenga ile iliyopo mpaka leo. Ukumbi wa katikati una urefu wa zaidi ya mita 150, na dari lake la kuba limepanda mita 13. Ukuta wake una unene wa mita nne hadi tano. Umeegemea mlima, umechimbiwa chini ya bustani, na madirisha yote yanatazama kusini ili kunasa jua la majira ya baridi ambalo kule hupita chini chini. Madirisha ni ya vioo viwili viwili.

Uzuri wa jengo lile ni kwamba halikuhitaji jiko. Mawe na udongo hushika joto la kiangazi na kuliachia taratibu, na ndani huwa hakushuki chini ya nyuzijoto 5 hivi. Hilo ndilo mchungwa unalolitaka: usiupashe joto, uuzuie tu usigande.

Mfalme aliipenda miti hiyo mpaka akaiingiza sebuleni. Kwenye ule ukumbi maarufu wa vioo vya kujitazama, michungwa ilisimama kwenye makasha ya fedha halisi. Mwaka 1689 vita vilimkaba, samani za fedha zikayeyushwa kulipia majeshi. Makasha yakaenda, michungwa ikarudi kwenye mbao. Na mbao ndizo zilizodumu.

Kazi yenyewe ilikuwaje

Bustani za matunda na mboga za mfalme zilisimamiwa na Jean-Baptiste de La Quintinie, mwanasheria aliyeacha sheria akafuata miti. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1690, miaka miwili baada ya kufa kwake, na ndani yake kuna sehemu nzima ya malezi ya michungwa. Lakini La Quintinie alikuwa mtu mmoja. Chini yake kulikuwa na wafanyakazi chungu nzima, na elimu ile ilikaa mikononi mwao.

Vuli inapoanza, miti inaingia kabla ya barafu ya kwanza, si baada yake. Inaingia ikiwa mikavu majani, maana majani mabichi ya maji yakifungiwa ndani yanaota ukungu. Inapangwa kwa mpango: mirefu nyuma, mifupi mbele karibu na dirisha, kila mmoja uone mwanga.

Majira ya baridi yenyewe, kosa linaloua miti mingi si baridi. Ni maji. Mti ukiwa kwenye ubaridi haunywi. Mizizi imepoa, imelala nusu. Mtu mwenye huruma anaona udongo umekauka juu, anamwagilia, kesho anamwagilia tena. Mizizi inaoza kimya kimya, na majani yanapoanza kudondoka anadhani mti una kiu, anaongeza maji. Basi, ameumaliza kwa mapenzi. Mtunza bustani mzoefu anatia kidole ndani ya udongo, anaonja uzito wa chombo, na mara nyingi anaondoka bila kumwaga hata tone.

Kosa la pili ni moto. Nyumba nyingi za zamani za michungwa ziliwekwa majiko ya mkaa ndani. Moshi ukachafua hewa, joto likakausha majani upande mmoja huku upande mwingine unatetemeka. Muingereza John Evelyn aliliona tatizo hilo, na mwaka 1691 akachapisha mchoro wa nyumba ambayo jiko lake liko nje, na hewa safi inapita kwenye mabomba yaliyopashwa moto kabla haijaingia kwa miti. Alielewa kwamba mti unahitaji pumzi kama mtu. Ndio maana siku ya jua, hata katikati ya baridi, kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufungua madirisha adhuhuri na kuyafunga kabla jua halijapoa. Akisahau kuyafunga, kesho hana kazi.

Halafu kuna vidugamba. Ndani kukiwa na joto kidogo na hewa haitembei, hao wadudu hujibandika kwenye majani na vijiti kama magamba, wananyonya utomvu, na utelezi wao unaota masizi meusi. Dawa ya miaka hiyo ilikuwa kitambaa, maji na subira. Jani moja moja. Mti mmoja una maelfu ya majani, na miti iko mamia.

Kila baada ya miaka kadhaa mti unahitaji kubadilishiwa udongo. Hapo ndipo akili ya makasha ya Versailles inapoonekana: ubavu wa kasha umeshikwa kwa vyuma na unafunguka, kwa hiyo mtu anaweza kukagua mizizi, kupunguza iliyojisokota, na kutia udongo mpya bila kuung'oa mti. Kasha kubwa likiwa na mti na udongo huzidi tani moja, siyo kitu cha kupindua.

Na ikifika Mei, wakati kila mtu anaona jua na anafurahi, ndipo pa kuwa makini. Majani yaliyokaa ndani miezi saba yamekuwa laini. Ukiyatoa ghafla juani yanaungua, yanapauka. Miti inatolewa baada ya hofu ya barafu kwisha, siku yenye mawingu ikiwezekana, na inazoeshwa mwanga taratibu.

Mwaka wa 1709

Usiku wa kuamkia Januari 6, 1709, baridi ilishuka Ufaransa ghafla, na watu hawakuisahau vizazi kwa vizazi. Mito iliganda. Divai iliganda ndani ya kasri, na chupa zikapasuka. Kusini mwa nchi, kule ambako michungwa na mizeituni iliota ardhini bila kibanda, ilikufa. Ngano iliyokuwa shambani iliharibika, na mkate ukapanda bei hadi maskini akashindwa kuugusa. Wanahistoria wanakadiria kwamba kwa mwaka ule na uliofuata, njaa na magonjwa viliongeza vifo kama 600,000 Ufaransa nzima. Mfalme mwenyewe alitoa vyombo vyake vya dhahabu vikayeyushwe.

Hapa ndipo hadithi ya michungwa inapoacha kuwa ya kupendeza tu. Katika majira yale, mojawapo ya sehemu zilizokingwa vizuri zaidi dhidi ya baridi katika nchi nzima ilikuwa imejengwa kwa ajili ya miti. Ukuta wa mita nne, vioo viwili, jua la kusini. Mfanyakazi aliyefunga milango ile jioni na kuhakikisha hakuna ufa unaopitisha upepo hakuwa na ukuta wa namna hiyo wala dirisha la namna hiyo huko alikolala. Aliujua mchungwa mmoja mmoja unataka nini. Alichotaka yeye hakikuwa na ukumbi wake.

Je, alifanya kosa kuitunza? Ni rahisi kusema leo kwamba angeiacha ife. Lakini ndio ulikuwa mkate wake, na huenda pia ndio ulikuwa ufundi wake, kitu alichorithi kwa mzee mwingine asiye na jina. Grand Bourbon ulivuka mwaka ule. Mfalme alikufa 1715, mti ukabaki.

Wafalme wanakwisha, miti inabaki

Mwaka 1789 yakaja mapinduzi. Mwaka 1793 mfalme akakatwa kichwa. Michungwa haikuwa na bwana tena, na bado Oktoba ilikuwa inakuja kila mwaka. Mtu fulani aliendelea kuiingiza ndani.

Mwaka 1871 ukumbi ule ukapata wageni wengine. Baada ya jeshi kuizima serikali ya wananchi wa Paris, maelfu walikamatwa, na ukumbi wa michungwa wa Versailles ukageuzwa gereza. Ilikuwa ni mwisho wa Mei na Juni, msimu ambao kwa kawaida miti huwa nje inaota jua. Watu ndani, kwenye mawe yaliyojengwa kutunza uhai wa mimea, wakisubiri hukumu. Jengo ni lile lile. Kilichobadilika ni nani anayefungua mlango na kwa nia gani.

Grand Bourbon ulikufa miaka ya 1890. Kama simulizi ya 1421 ni kweli, ulikuwa umeishi zaidi ya miaka 450 kwenye chombo, mbali na joto la asili yake.

Kufikia hapo hata fahari yenyewe ilishapungua. Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845, nyumba za vioo zikawa nafuu. Meli za mvuke na treni zikaleta machungwa ya kusini kwa bei ambayo hata kibarua aliiweza. Chungwa likashuka kutoka meza ya mfalme hadi kwenye soksi ya mtoto wakati wa Krismasi. Nyingi kati ya zile nyumba za michungwa zikageuzwa migahawa na kumbi za maonyesho. Pale Kew, London, nyumba ya mwaka 1761 ilikuwa nzuri kwa macho lakini yenye giza ndani, na michungwa haikustawi. Msanifu alifikiria sura ya jengo kuliko mti. Angeuliza wanaomwagilia wangemwambia.

Chungu cha dirishani

Leo wapo Waswahili wengi Uingereza, Ujerumani na Kanada wenye mndimu mmoja kwenye ndoo pembeni ya dirisha. Umeoteshwa kwa mbegu ya ndimu ya dukani, au umenunuliwa ukiwa mche. Kiangazi unakaa barazani unang'aa. Ikifika Novemba unaingizwa sebuleni, unawekwa jirani na kile chuma cha kupashia nyumba joto ili usisikie baridi, unamwagiliwa kila siku. Kufika Januari umebaki vijiti, na mwenyewe anasema mti huu haupendi Ulaya.

Mti hauna shida na Ulaya. Umepikwa upande wa juu kwa joto kavu, mizizi imezamishwa kwenye maji baridi, na mwanga ni hafifu. Usukume mbali na hilo joto. Utafutie chumba chenye ubaridi kidogo na mwanga mwingi, dirisha la kusini kama lipo. Punguza maji hadi kidole kikuambie. Futa majani. Ukiona umedondosha majani usikimbilie kuutupa, kwaruza gamba la kijiti kwa ukucha: kukiwa na kijani chini, mti ungali hai. Mei ikifika utoe nje taratibu, uanze kivulini.

Hayo yote hayakugunduliwa na mfalme wala maabara. Yaligunduliwa na watu waliokosea, wakaona mti unakufa, wakapigiwa kelele na bwana wao, na mwaka uliofuata wakafanya tofauti. Kisha wakamfundisha kijana aliyekuja nyuma yao.

Pale Versailles siku hizi kuna mashine za kunyanyulia makasha. Lakini bado kuna mtu anatembea mbele akiangalia matawi, na mwingine nyuma akielekeza kwa mkono, mti upite mlangoni bila kuumia. Ukipita pale Oktoba utawaona. Hakuna kibao chenye majina yao.

Mdau wa ughaibuni, mndimu wako umeshauingiza ndani?